Anayekupigia Makofi Hakulipii Kodi

Mwanangu, nimesikia juzi ulikuwa Westlands tena, kwenye hafla ya waanzilishi wa kampuni changa, ukarudi nyumbani saa sita usiku na mfuko umejaa kadi za watu. Sikukatazi kwenda. Nakuomba tu uketi hapa kidogo unisikilize, kwa sababu njia uliyoishika nimeona wengi wakiishika, na mwisho wake nimeuona.

Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu. Kazi yangu ilikuwa kufungua vitabu vya biashara za watu na kutazama kilichomo, na aghalabu waliniita mambo yakiwa yameshaharibika. Wenye maduka ya jumla, wenye matatu, vyama vya ushirika vya kahawa, na miaka ya karibuni nyinyi wa programu za simu. Ofisi zenu zinapendeza zaidi, na kahawa yenu ni ghali. Lakini kitabu ni kilekile: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, nani anadai.

Basi nisikilize.

Niliwahi kwenda kwenye hafla zenu hizo. Mlangoni wakanivisha kitambulisho cha shingoni, wakanionyesha sambusa zilipo. Kijana mmoja akanijia na tabasamu pana. Kabla hajanifikia, macho yake yakateremka hadi kifuani pangu, akasoma, akakuta jina tupu lisilo na kampuni wala mfuko wa uwekezaji. Mkono alinipa, lakini uso ulikuwa umeshageukia mtu wa nyuma yangu.

Sikukasirika, kwa umri huu sina muda huo. Nikamtazama tu akizunguka ukumbi. Kila aliyemkuta walielezana kampuni zao zinafanya nini, wakabadilishana namba, wakaachana. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza swali la pili. Naye hakumwuliza mtu.

Mwanangu, kujuana huanzia kwenye swali la pili. Mteja wako wa kwanza ulimpataje? Mbona mliacha kuuza Thika? Mwezi uliopita ni kitu gani kilikukosesha usingizi? Mtu aliyekujibu maswali hayo mmejuana, hata kama namba zenu mlisahau kupeana. Aliyekupa kadi na kuondoka amekupa karatasi.

Usiniambie mambo ya teknolojia ni tofauti. Hebu tazama Ushahidi. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika akiuliza kama kuna wanaoweza kutengeneza ramani ya mahali ambapo watu wanadhuriwa. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitika, na baada ya siku chache mtambo ukawa unafanya kazi, raia wakituma habari hata kwa ujumbe wa simu. Unadhani walitambulishana wiki ile kwenye ukumbi wenye sambusa? Walikuwa wakisomana maandishi yao kwenye mtandao tangu zamani. Kila mmoja alijua mwenzake anaweza nini kwa sababu alishaiona kazi yake. Dharura ilipobisha, hakuna aliyehitaji kutambulishwa kwa mwenzake.

Ndiyo kujuana ninakokuombea. Onyesha kazi yako, isome kazi ya mwenzako, msaidie kabla hujamhitaji. Anayepiga simu siku ya shida tu, simu yake hujulikana kwa mlio.

Katika watu haohao ndimo ilimotoka iHub, nyumba ya kukutania ya watu wa teknolojia, Machi 2010, pale Bishop Magua Centre kwenye Barabara ya Ngong. Wakubwa wa dunia wakaipitia. Mark Zuckerberg alifika mwanzoni mwa Septemba 2016, na picha yake akila samaki kwa Mama Oliech bado mnaionyeshana. Mimi nawauliza vijana waliopigwa picha naye siku ile: ile picha ilikuleteeni mteja gani? Wananitazama tu. Na iHub yenyewe, pamoja na sifa zote hizo, mwaka 2019 ilinunuliwa na Co-Creation Hub ya Lagos. Hata nyumba ya kukutania ina bili zake.

Sasa hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, nakuomba usinikatize.

Mnapima mafanikio kwa pesa mlizopewa. Kijana akitangaza kwamba wawekezaji wamempa dola milioni moja, simu ya mama yake inalia mchana kutwa kwa pongezi. Kijana huyohuyo akimaliza mwezi wake wa kwanza amelipa kila anayemdai na amebakiwa na shilingi 12,000 za faida halali, hakuna anayempigia. Siku ya kuchukua cha mtu mnashangilia, siku ya kuchuma chenu mnanyamaza. Nani aliwafunza hivyo?

Pesa ya mwekezaji ni mgeni anayekuja na kiti chake. Ataketi mezani pako, atapiga kura juu ya mambo yako, na pengine atakutaka ukaisajili kampuni Delaware, Marekani, uje usome mikataba ya sheria za huko usiku ukiwa peke yako. Si mtu mbaya. Mfuko wake nao umejazwa na watu wengine wanaongoja, na una muda wake, kwa kawaida miaka kumi hivi, baada yake kila mtu anataka chake na ziada kubwa. Kwa hiyo atakuhimiza ukimbie. Biashara yako labda ilikuwa ya kutembea tu, ikakulisha wewe na watu wanane kwa miaka 20. Yeye hiyo haimfai. Nawe ulishapokea.

Sikwambii usipokee. Nakusihi ujue umepokea nini.

Na hizo tuzo! Nilimwona binti mmoja kwenye kituo cha matatu, ametoka kushinda mashindano ya kunadi mawazo, ameshika ile hundi ya kadibodi ndefu kuliko yeye. Mlangoni haipiti. Makanga akataka alipe nauli ya watu wawili. Alicheka, nami nikacheka, mtoto mzuri sana. Baadaye nilisikia amekwenda mashindano mengine, na mengine, na mengine. Akawa mjuzi wa dakika tatu jukwaani. Wateja wake wakawa wanapiga simu haipokelewi, kwa sababu yuko kwenye mazoezi ya kunadi.

Anayekupigia makofi hakulipii kodi, mwanangu. Liandike hilo mahali.

Nikupe mfano ulio wazi kwa kila mtu. Juni 2021 kampuni iitwayo Kune ilitangaza kupata dola milioni 1 za kuanzia, iwauzie Wanairobi chakula kilichopikwa tayari kwa bei nafuu. Mwanzilishi wake, kijana wa Kifaransa, alieleza kwamba alipofika mjini alikosa chakula kizuri cha bei ya chini. Wanairobi wakacheka hadi machozi. Nenda kwenye mjengo wowote Kilimani saa saba mchana, mlangoni utamkuta mama na sufuria ya ndengu, chapati zimefunikwa kwa karatasi ya nailoni, mafundi wamempangia foleni, na yule asiye na pesa leo anaandikwa daftarini hadi Jumamosi. Huyo mama hakuwa kwenye hafla yoyote. Hakuna aliyebadilishana naye namba.

Juni 2022 Kune ikafunga. Ilikuwa imeuza milo zaidi ya 55,000. Tarakimu hiyo ukiiweka ukutani kwa slaidi, watu wataandika. Lakini mwanzilishi mwenyewe alisema wakati wa kuaga kwamba dola 3 kwa mlo hazikutosha, bei za vyakula zilikuwa zimepanda na wawekezaji wapya hawakupatikana. Yule mama wa ndengu hajui amepika sahani ngapi tangu aanze. Anajua kila jioni kimebaki nini baada ya kutoa unga, mafuta na makaa. Kuuza kwa hasara ni kugawa, na anayegawa hupendwa na wengi mpaka siku anapoishiwa.

Copia ilikuwa habari nyingine, na hao nawaheshimu. Ilianza mwaka 2013, ikawafikishia watu wa vijijini bidhaa kupitia wenye maduka madogo waliokuwa mawakala wake. Ni kazi ngumu kufikisha kifurushi kwenye njia ambayo mvua ikinyesha hata punda hukataa. Ilikusanya dola zaidi ya milioni 100, na Januari 2022 peke yake ilitangaza milioni 50. Mei 2024 ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Sendy nayo, iliyokuwa ikisafirisha mizigo, ilikuwa imekwisha mwaka 2023. Na si kwamba watu wake walilala. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, na pesa zilizokuwa zimesafiri kuja kutafuta faida kwetu zikaona heri zirudi kwao. Ofisi moja Washington imeamua jambo lake, mfanyakazi Nairobi kakosa mshahara. Ukiishi kwa pesa ijayo, anayeamua kesho yako hakujui hata jina.

Hayo yaliandikwa magazetini. Sasa nikuambie yasiyoandikwa, maana hayo ndiyo mimi niliyokuwa nikiyakuta mezani.

Kampuni inapokua kwa kasi inaajiri kwa kasi. Msichana wa huduma kwa wateja anapata barua ya kazi, anafurahi, anajiunga na SACCO pamoja na wenzake wa ofisini. Baada ya miezi sita anachukua mkopo: karo ya mdogo wake, mabati ya nyumba ya mama. Wadhamini wake ni nani? Ni wale wanaokaa naye meza moja. Na yeye amewadhamini wao. Kampuni ikifunga, wote wanakosa mshahara siku moja, na kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake. Akiba walizoweka zinakatwa kulipa mikopo ya marafiki zao. Nimewaona watu waliokuwa wakila pamoja kila mchana wakikwepana barabarani, kwa sababu ya deni ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifanyia kosa.

Hao hawamo kwenye tangazo la dola milioni. Lakini ukifunga, wao ndio hesabu yako.

Kisha kuna mambo ya kodi. Kila mwezi unakata kodi ya mshahara wa mfanyakazi, na ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata iwe imefika KRA, mamlaka ya kodi. Pesa ile si yako. Kampuni moja, sitaitaja, ilikuwa ikikata na haipeleki. Nikauliza imekwenda wapi. Nikaonyeshwa risiti: kibanda cha maonyesho kwenye kongamano, bendera mbili za kusimamisha, fulana zenye nembo, chakula cha jioni na wageni. Walisema walikuwa wanajenga mahusiano. Faini na riba ziliendelea kukua wakati mahusiano yale yameacha kujibu barua pepe.

Nakuomba, mwanangu, kwa mapenzi niliyo nayo kwako, usiguse pesa hiyo. Hata kwa siku tatu.

Wala usigawe hisa ovyo. Mtakutana na watu wa makamo, wamevaa vizuri, wanajiita washauri. Kila kampuni wanayoishauri wamechukua humo asilimia mbili, asilimia tano, kwa ahadi kwamba watakufungulia milango. Mwambie akufungulie mlango mmoja kwanza, ndipo mzungumze. Mlango wenyewe uwe wa mteja, usiwe wa ukumbi mwingine wa mikutano.

Utaniuliza, basi babu, nipime kwa nini?

Pima kwa anayerudi. Waliopakua programu yako ni wapita njia. Wengine walitaka tu ile bonasi ya kujisajili. Ondoa bonasi, ondoa punguzo la bei, ngoja mwezi mmoja, kisha hesabu wangapi wamefungua tena na kulipa bei kamili. Itakuwa tarakimu ndogo na itakuuma. Hiyo ndiyo kampuni yako. Mengine yote ni matangazo.

Tazama M-Pesa ilivyoanza. Majaribio ya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kulipia mikopo midogo kwa simu, wateja mia kadhaa tu, wakishirikiana na Faulu. Wale wateja wakafanya jambo ambalo hawakupangiwa: wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, mwingine akimlipia mwenzake, mwingine akituma kwao. Waliokuwa wakisimamia majaribio wangeweza kukasirika na kusema watu wanaharibu mpango. Wakatazama kwa makini, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wateja mia kadhaa waliotazamwa vizuri walifundisha zaidi ya ukumbi mzima wa wataalamu.

Na M-Kopa, iliyoingia sokoni mwaka 2012 ikiuza taa za sola kwa malipo kidogo kidogo ya kila siku. Biashara ya namna hiyo haiwezi kujidanganya kwa muda mrefu. Kila asubuhi mteja anaamua upya: nilipe au nisilipe? Ukiwa na hesabu inayokuuliza swali hilo kila siku, una bahati kuliko mwenye tuzo sita kwenye rafu.

Jambo moja kwa nyinyi mlio nje ya Nairobi, kwa sababu najua hili litawafikia binamu zako. Wewe wa Kisumu, wewe wa Eldoret, wewe unayekaa kwenye kituo cha Swahilipot pale Mombasa karibu na Fort Jesus ukidhani maisha yanakupita kwa sababu hafla zote ziko Westlands. Mwanangu, kama unawauzia wavuvi, wavuvi hawako Westlands. Nimewaona vijana wakifunga mizigo na kuhama ili wawe karibu na wawekezaji, wakalipa kodi ya Kilimani kwa pesa ya kampuni, na baada ya mwaka hawajui tena bei ya samaki. Walipoteza kile pekee walichokuwa wakikijua kuliko watu wote. Njoo Nairobi kwa shughuli, maliza, panda basi urudi.

Najua vilevile kwamba upweke upo. Kuendesha kampuni ni kulala na mambo ambayo huwezi kumwambia mfanyakazi, wala mke, wala mwekezaji. Ndiyo sababu mnakimbilia hafla zile, sivyo? Mnatafuta watu. Lakini pale kila mtu akiulizwa hali anajibu, "Tunakua vizuri sana." Huwezi kupumzika katikati ya watu wanaokua vizuri sana.

Fanyeni hivi. Tafuteni wenzenu wanne, msizidi watano. Kutaneni mara moja kwa mwezi nyumbani kwa mmoja wenu, chai na mandazi yatosha. Kila mtu aje na taarifa ya benki, ile yenyewe, siyo slaidi. Kila mmoja aseme ana pesa za miezi mingapi, nani amerudi kununua, nani anamdai, na jambo gani analificha. Mwiko uwe mmoja: yasemwayo pale yabaki pale. Wajomba zako walikuwa na chama namna hiyo, wa biashara za vipuri Kirinyaga Road, na mmoja alipoyumba wanne walimwona akiyumba miezi mitatu kabla mwenye nyumba hajajua. Walimfungisha duka moja kati ya mawili kwa nguvu za maneno. Alinuna. Duka lililobaki ndilo lililosomesha watoto wake.

Usisubiri uwe na shida ndipo uwatafute hao wanne. Anza sasa wakati bado una la kuwapa.

Nami usinifiche, tafadhali. Mama yako hunisomea matangazo yenu kwenye simu kwa fahari kubwa, nami huitikia, lakini moyoni nauliza mishahara ya mwezi huu imetoka wapi. Jumapili njoo nyumbani baada ya chakula cha mchana. Njoo na taarifa ya benki ya miezi mitatu, orodha ya wanaokudai, na risiti za KRA. Kama risiti hazipo, njoo Jumamosi, tuwe na siku mbili. Na iandike orodha kwenye karatasi, maana laptop yako haina chaji kamwe na umeme wa huku unaujua.